Mnyonge mnyongeni, lakini nafasi yake mpeni

Leo naweka siasa pembeni kidogo. Nina dukuduku, na dukuduku likikaa sana moyoni hugeuka ugonjwa. Linahusu soka la akina dada wa vyuo vikuu vya Marekani. Najua wapo watakaocheka: yaani mtu uko zako Dar, unakesha kwa ajili ya timu za mabinti wa vyuo vya huko? Ndiyo, nakesha. Mechi inayoanza saa moja jioni mashariki mwa Marekani mwezi Novemba, hapa kwetu ni saa tisa usiku. Na mtu akishakesha kwa mapenzi yake, ana haki ya kulalamika.

Dai langu ni moja, na nalisema mapema ili asiye na muda wa kusoma mpaka mwisho aondoke nalo. Nafasi nyingi za kuingia kwenye mtoano wa mwisho wa msimu hazitolewi kwa kuangalia umecheza vipi. Zinatolewa kwa kuangalia unaishi jirani na nani. Na majirani hao wamepangwa na fedha, tena fedha za mchezo mwingine kabisa.

Kwa wasioufahamu mfumo wenyewe, twende taratibu. Michezo ya vyuo vikuu huko inasimamiwa kwa sehemu kubwa na chama kinachoitwa NCAA. Daraja la kwanza peke yake lina vyuo zaidi ya 330 vyenye timu za soka za wanawake. Vyuo hivyo vimejigawa katika ligi zipatazo 30, kila ligi na ratiba yake na bingwa wake. Msimu unaanza Agosti na kumalizika mapema Novemba. Baada ya hapo zinachukuliwa timu 64 kwa ajili ya mtoano. Ukifungwa unarudi nyumbani, mpaka abaki mmoja mwezi Desemba. Mashindano haya yalianza mwaka 1982 yakiwa na timu 12 tu, idadi ikapanda kidogo kidogo hadi ikafika 64 mwaka 2001.

Hizo timu 64 zinapatikanaje? Karibu nusu ni mabingwa wa ligi zao, wanaingia moja kwa moja. Nusu nyingine, thelathini na kitu, zinateuliwa na kamati. Wajumbe wanajifungia, wanatazama takwimu, wanatoka na orodha. Siku ya kutangazwa majina, timu nchi nzima zinakusanyika mbele ya skrini. Wachezaji wanashikana mikono wakisubiri kuona kama jina la chuo chao litatokea. Wengine wanaruka na kupiga kelele. Wengine wanabaki kimya. Na kwa wale wa mwaka wa nne ndiyo basi tena: walivua viatu wiki iliyopita bila kujua kwamba ile ndiyo ilikuwa mechi yao ya mwisho.

Sasa, ugomvi wangu uko kwenye takwimu zenyewe.

Kwa miaka mingi mzani mkuu wa kamati hiyo umekuwa kipimo kinachoitwa RPI. Hesabu yake si ngumu, hata sisi tuliokimbia hesabu sekondari tunaielewa. Robo ya alama zako inatokana na matokeo yako mwenyewe. Nusu inatokana na matokeo ya wapinzani wako. Robo iliyobaki inatokana na matokeo ya wapinzani wa wapinzani wako. Kuna marekebisho ya kuongeza na kupunguza hapa na pale, lakini mifupa ndiyo hiyo.

Hebu rudia kusoma. Robo moja tu ndiyo yako. Robo tatu ni za watu wengine.

Tuchukue mfano wa kubuni. Timu ya kwanza iko kwenye ligi ndogo. Imeshinda asilimia 80 ya mechi zake. Wapinzani wake kwa wastani wameshinda asilimia 45, na wapinzani wa wapinzani wake asilimia 48. Piga hesabu: inapata 0.545. Timu ya pili iko kwenye ligi kubwa. Imeshinda asilimia 50 tu, yaani nusu kwa nusu. Lakini wapinzani wake wameshinda asilimia 62, na wapinzani wa wapinzani wake asilimia 56. Inapata 0.575. Umeona? Aliyeshinda nusu ya mechi zake anakaa juu ya aliyeshinda mechi nane katika kila kumi. Na orodha ikikatwa katikati yao, yule wa nane kati ya kumi anakwenda kupanga nguo kabatini.

Watetezi wa kipimo hiki wana hoja yao, na sitaki kuipuuza. Wanasema kushinda mechi nane dhidi ya vibonde si sawa na kushinda tano dhidi ya vigogo. Ni kweli. Bila kipimo cha namna hiyo, kila kocha mjanja angejipangia ratiba ya vibonde, akamaliza bila kufungwa, kisha akaja kudai nafasi. Kipimo kilitengenezwa kumbana mjanja huyo. Sina tatizo na nia.

Tatizo langu ni hili: kipimo kinakuuliza umecheza na nani, kana kwamba ni wewe uliyechagua. Timu ya ligi ndogo inacheza sehemu kubwa ya ratiba yake ndani ya ligi yake. Hapo haina hiari. Mechi chache zinazobaki, zile za Agosti na Septemba, ndizo za kujitafutia. Sasa jiweke kwenye nafasi ya kocha wa chuo kikubwa. Anakupigia simu kocha wa chuo kidogo lakini chenye timu kali, anaomba mje kwake mcheze. Utakwenda? Ukimfunga, hakuna atakayekupongeza. Ukifungwa, umejiharibia hesabu. Afadhali umwite aje uwanjani kwako, mbele ya mashabiki wako, na usimrudishie ziara. Au usimwite kabisa, umtafute mwingine asiye na madhara. Timu ndogo ikiwa mbovu inapata mechi kirahisi. Ikiwa nzuri, inakimbiwa. Yaani kadiri unavyokuwa bora ndivyo unavyokosa wa kukupima, halafu Novemba unaambiwa hukupimwa.

Upande wa pili mambo ni mteremko. Vyuo vya ligi kubwa vikishakusanya ushindi mwanzoni mwa msimu, vinaingia kwenye mechi za ligi yao kila mmoja akiwa na hesabu nzuri. Baada ya hapo wanateka maji kwenye mtungi mmoja na kuyarudisha humo humo. Nikikufunga, nimemfunga mkubwa. Ukinifunga, nimefungwa na mkubwa, hakuna aibu. Mwisho wa siku hata anayeshika nafasi ya tisa kwenye ligi hiyo anaonekana ni mtu mzito.

Na si kwamba ubovu wa kipimo hiki ni siri. NCAA wenyewe walikiacha kwenye mpira wa kikapu wa wanaume mwaka 2018, na kwenye kikapu cha wanawake mwaka 2020, wakatengeneza kingine. Huko kuna kamera nyingi na mabilioni ya dola, kwa hiyo wakaona haya. Soka la akina dada likaachwa na mzani wa zamani ule ule. Duka likihamia kwenye mizani mipya, ile ya zamani wanauziwa akina nani? Jibu mnalijua.

Nimesema majirani wamepangwa na fedha. Hapa sizungumzi kwa mafumbo. Mwaka 2024 ligi kubwa ya magharibi, Pac-12, ilisambaratika. Haikusambaratika kwa sababu ya soka la wanawake. Ilisambaratika kwa sababu vyuo vyake vilifuata mikataba minono ya televisheni ya mchezo wao ule wa kuvaa helmeti. UCLA na USC za Los Angeles zikaenda ligi ya Big Ten, ambayo maana yake ni Kumi Kubwa, na sasa ina vyuo 18. Stanford, iliyoko California karibu kabisa na bahari ya Pasifiki, ikajiunga na ACC. Mnajua ACC maana yake nini? Ligi ya Pwani ya Atlantiki. Bahari nyingine kabisa! Mabinti wa soka wa Stanford sasa wanavuka bara zima kwenda kucheza mechi ya ligi, kisha wanarudi kuwahi mtihani. Hakuna aliyewauliza.

Matokeo yake ni kwamba ligi chache zimenenepa. Na kwa kuwa hesabu inampendelea mwenye majirani wakubwa, ligi zikinenepa zinazoa nafasi nyingi zaidi za kuteuliwa. Wale waliobaki nje wanagombania makombo.

Nasikia mtu ananijibu: "Lakini mwaka huo huo wa 2024, timu zote nne za nusu fainali zilitoka ACC. Si ndiyo ushahidi kwamba wao ndio bora?" Ni kweli, zilikuwa North Carolina, Duke, Wake Forest na Stanford, na North Carolina ikaifunga Wake Forest 1-0 kwenye fainali. Lakini angalia jina la nne. Stanford ndiyo kwanza ilikuwa imehamia ACC mwaka ule ule. Ilikuwa bora kabla ya kuhama, ikabaki bora baada ya kuhama. Ubora ulikuwa wa Stanford, sifa ikaandikiwa ligi. Ukihesabu hivyo, hata mimi nikihamia Masaki kesho nitaitwa tajiri.

Halafu tusijidanganye kuhusu mtoano wenyewe. Bingwa wa ligi ndogo anapofanikiwa kuingia, mechi ya kwanza anapelekwa ugenini, kwa sababu timu zilizopangwa juu ndizo zinazokuwa wenyeji. Na timu zisizopangwa juu zinagawanywa kwa kuangalia zaidi umbali, ili kuokoa nauli. Kwa hiyo unaweza kuwa na msimu mzuri kuliko yote katika historia ya chuo chako, zawadi yake ikawa safari ya basi kwenda kwa kigogo wa jirani. Unafungwa manne, watu wanaguna: "Tuliwaambia." Mlituambia nini? Mmemwalika mtu kwenye ngoma yenu, kwenye uwanja wenu, kwa midundo yenu, halafu mnamcheka kwamba hajui kucheza.

Historia ya mchezo huu inawasuta. Mwaka 1991 Marekani ilitwaa Kombe la Dunia la kwanza la wanawake kwa kuifunga Norway 2-1. Mabao yote mawili ya fainali yalifungwa na Michelle Akers, aliyemaliza mashindano na mabao 10. Alisoma wapi? Chuo Kikuu cha Central Florida, chuo ambacho wakati huo hakikuwa kwenye orodha ya vigogo wa michezo. Njoo kwa Christine Sinclair wa Kanada, mwenye mabao 190 ya timu ya taifa, idadi ambayo hakuna mwanamke wala mwanamume aliyewahi kuifikia kwenye soka la kimataifa. Alichezea Portland, chuo kidogo cha Kikatoliki katika ligi ya West Coast. Portland ilikuwa bingwa mwaka 2002, Sinclair akifunga mabao yote mawili ya fainali dhidi ya Santa Clara, chuo kingine cha ligi hiyo hiyo. Ikarudia tena mwaka 2005, msimu ambao Sinclair alifunga mabao 39. Kwenye kikosi hicho cha 2005 alikuwamo binti mmoja aitwaye Megan Rapinoe. Mnamfahamu.

Siwatoi mfano hawa ili kusema kila chuo kidogo kina Sinclair wake. Nasema tu kwamba mlango ulipokuwa wazi, hawa ndio waliopita. Ukiufunga hutajua kamwe nani alikuwa nje anabisha hodi.

Kuna mtu ataniuliza: kwani kukosa mashindano kuna ubaya gani, si mpira tu? Ubaya upo, tena mkubwa kuliko zamani. Kwanza, mwaka 2024 ligi ya kulipwa ya wanawake ya Marekani, NWSL, ilifuta utaratibu wa kugawana wachezaji wa vyuo kwa zamu. Kwa wachezaji ni uhuru mzuri, wanachagua wenyewe pa kwenda. Lakini uhuru huo unamfaa aliyeonekana. Na anayetafuta wachezaji anatazama wapi kwanza? Kwenye mtoano wa Novemba na Desemba. Binti aliyeachwa nyumbani kwa sababu ya majirani zake anakosa siku zenye macho mengi kuliko zote.

Pili, mwaka 2025 mahakama ya Marekani iliidhinisha makubaliano yanayoruhusu vyuo kuwalipa wanamichezo moja kwa moja, hadi dola milioni 20.5 kwa chuo kwa mwaka wa kwanza. Hata vipofu wanaona fedha nyingi zitakwenda kwa wavaa helmeti na wacheza kikapu wa kiume. Vyuo vyenye mifuko midogo vitakaa chini kuangalia nini cha kupunguza. Timu ya soka ya wanawake isiyofika kwenye mtoano itajitetea na nini mezani? Na hata ikifika, haileti kitu mfukoni. Kikapu cha wanaume kimekuwa kikilipa ligi mgawo kwa timu zake kuingia na kushinda kwenye mashindano. Kikapu cha wanawake kimeanza kupata mgawo wa namna hiyo mwaka 2025. Soka la wanawake bado halina mgawo huo. Kinachobaki kuwa malipo ni heshima ya kuwa mmoja wa 64. Ndiyo hiyo hiyo inayotolewa kwa upendeleo.

Tena hili linatugusa na sisi. Dada zetu wa Afrika Mashariki wanaopata ufadhili wa masomo kwa sababu ya mpira si lazima waangukie Stanford au North Carolina. Mganda Sandra Nabweteme, mshambuliaji wa timu ya taifa, alisoma na kucheza Southwestern Oklahoma State, chuo cha daraja la pili, lenye mashindano yake tofauti. Njia ya binti anayetoka kwetu mara nyingi inapita kwenye vyuo ambavyo wengi wetu hatujawahi kuvisikia. Kama mfumo unavidharau vyuo hivyo, unamdharau na yeye.

Na sheria iliyozaa mchezo huu haikukusudia hivi. Title IX ya mwaka 1972, yenye maneno 37 tu na isiyotaja michezo hata mara moja, ilikataza ubaguzi wa jinsia kwenye elimu inayopokea fedha za serikali kuu ya Marekani. Ndiyo iliyolazimisha vyuo kuwapa mabinti viwanja, makocha na ufadhili. Akina mama wa nchi ile walipigania nafasi mpaka wakaipata. Ni aibu leo nafasi hiyo hiyo igawanywe upya kwa matabaka.

Basi nisiwe wa kulalamika tu. Nina mapendekezo matatu.

Kwanza, bingwa wa msimu aheshimiwe. Katika ligi nyingi tiketi ya moja kwa moja inatolewa kwa mshindi wa kombe dogo la siku chache mwishoni. Timu inaongoza ligi miezi miwili, inafungwa kwa matuta Novemba, na kama ni ya ligi ndogo ndiyo imekwisha. Aliyeongoza msimu mzima apewe nafasi kabla ya kumfikiria mtu wa tisa wa ligi yoyote.

Pili, asiyefikisha nusu ya pointi ndani ya ligi yake asiteuliwe, hata kama ligi yake ni ya malaika. Kama umeshindwa kuwashinda majirani zako, usiingie kwa jina lao.

Tatu, vigogo wasafiri. Timu inayotaka kuwa mwenyeji kwenye mtoano ionyeshe kwamba ilicheza walau mechi mbili ugenini kwenye viwanja vya ligi ndogo. Hapo ndipo tutajua nani kibonde na nani alikuwa anakimbiwa.

Najua nitaambiwa asiyekubali kushindwa si mshindani. Nakubaliana na wahenga asilimia mia. Lakini ili nikubali kushindwa, lazima kwanza nicheze.

Naomba kutoa hoja.